Mkono Mwepesi wa Earnestine Pegues

Mpaka anatimiza miaka sitini na saba, Earnestine Pegues alikuwa hajawahi kuvua samaki hata mmoja. Kukaanga, alikaanga wasiohesabika. Kila majira ya kuchipua mumewe, Cleotha, alirudi kutoka Ziwa la Hatcholee na kasha la barafu limejaa krapi, wale samaki bapa wa rangi ya fedha wenye madoa meusi, ambao kwetu kaskazini ya Mississippi mtu akikualika kuwala huulizi nani mwingine atakuwepo. Earnestine aliwaparua magamba kwenye sinki la uani, akawagaragaza kwenye unga wa mahindi uliotiwa pilipili, akawadumbukiza kwenye mafuta yanayochemka. Na wakishaiva, sharti waliwe wakiwa moto. Samaki aliyepoa kwake ni dhambi. Cleotha akirefusha sala ya mezani, yeye alimkatiza kwa sauti, "Amina, Clee, Mungu amesikia, samaki wanapoa!"

Lakini kushinda ndani ya mashua ukikodolea macho kiboya, hilo aliliona ni jambo la watu waliokosa shughuli. Alimwambia Cleotha hivyo kila Jumamosi. Cleotha alicheka kila Jumamosi, akabeba fito zake, akaenda zake.

Tuseme ukweli tu, Earnestine si mtu wa kungoja. Ujana wake wote na utu uzima wake wote aliutumia katika kiwanda cha makochi, akishona mito, na pale mtu hulipwa kwa idadi ya alivyoshona. Mikono yake ikazoea kuvuta. Alivuta kitambaa, alivuta uzi, na nyumbani alivuta mlango wa jokofu mpaka chupa zikagongana. Mdomo nao ukafuata mikono. Ukianza kumsimulia jambo, anakumalizia. Mchungaji akikwama kidogo kwenye jina la nabii, wa kwanza kumtajia ni Earnestine, tena kutoka kwenye kiti cha mbele ili asikike vizuri. Watu walimtania kwa hilo, ila walimpenda, maana palipotokea msiba sufuria yake ya sukuma wiki ndiyo iliyotangulia kufika mlangoni.

Cleotha alikuwa kinyume chake. Aliendesha basi la shule mpaka akastaafu, na hakuna mtoto aliyewahi kumsikia akifoka. Kanisani alikuwa shemasi, na Jumapili asubuhi yeye ndiye aliyesimama kuutoa mstari wa kwanza wa wimbo, peke yake, bila kinanda, kwa sauti nzito ya chini iliyokuja taratibu, kisha kanisa zima likaupokea. Earnestine, ambaye hakuwa na subira na chochote kilicho hai, aliweza kuisikiliza sauti ile bila kutikisa hata mguu.

Oktoba iliyopita Cleotha alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yakakatika. Hospitali iliwapa binti wa kumfundisha kusema upya, Bi. Kirkwood, mtaratibu, mwenye miwani mikubwa. Aliwaeleza kwamba maneno yote bado yamo kichwani mwa Bwana Pegues, ila njia ya kutokea imeziba, na dawa yake ni kuitumia hiyo hiyo njia. Na kweli, kufikia Krismasi Cleotha aliweza kutoa neno moja moja kwa jasho. "Hapana." "Baridi." Siku moja alisema "Tine," jina analomwita mkewe, na Earnestine akacheza katikati ya jikoni akiwa na mwiko mkononi.

Kisha akaharibu mwenyewe. Hakukusudia, lakini aliharibu. Cleotha akisema "Ka—," kahawa iko mezani. Akisema "Mla—," mlango umeshafunguliwa. Asubuhi moja ya Februari alianza, "Ka—," na Earnestine akamwekea kikombe. Cleotha akatikisa kichwa.

"Ka—," akajaribu tena.

"Kanisa? Leo Jumanne, Clee. Kalenda? Kabati? Kamba? Unataka kamba ya nini?"

Cleotha alipiga meza kwa mkono wa kushoto, kahawa ikamwagika. Kisha akafunga mdomo. Tangu siku hiyo hakutamka neno hata moja, si kwa mkewe, si kwa binti yao wa Memphis aliyekuwa akipiga simu kila jioni, wala kwa Bi. Kirkwood. Alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha akitazama nje, na mchungaji alipokuja kumtembelea, Earnestine ndiye aliyejibu kila swali.

Bi. Kirkwood alimwita kando, kwenye ujia. "Mama Pegues, nakuomba usinikasirikie. Unamnyang'anya maneno mdomoni."

"Mimi? Mimi namsaidia!"

"Najua unamsaidia. Ndiyo maana ni vigumu kuacha." Akavua miwani, akaifuta. "Ila akiendelea kunyamaza hivi, kumrudisha kutazidi kuwa kugumu. Siwezi kukudanganya."

Earnestine alikwenda kukaa kwenye gari lake akalia mpaka kioo kikaingia ukungu. Alichokitaka kilikuwa kidogo tu. Alitaka kuisikia sauti ile tena, hata neno moja, hata kama neno lenyewe lingekuwa la kumtukana.

Kwetu wavuvi wa krapi hawahitaji kalenda. Miti ya dogwudi ikichanua maua meupe kando ya barabara, ujue krapi wameacha kilindi na kusogea maji ya karibu kutaga. Mwaka huu ilichanua mapema. Asubuhi moja Earnestine alikuta kiti cha dirishani kitupu. Akakimbia huku na kule, akamkuta Cleotha kwenye banda la gari, amesimama kati ya fito zake ndefu, mshipi ameubana kwa meno, anajaribu kufunga ndoano kwa mkono mmoja.

Mkono wa Earnestine ulikuwa umeshanyooka kumpokonya. Cleotha akamtazama, na kwa jinsi alivyomtazama, akaurudisha mkono na kuufuta kwenye aproni kana kwamba ulikuwa na unga.

"Basi twende," alisema. "Mimi nitaendesha, wewe utanionyesha. Ila nikitapika humo majini, shauri lako."

Kwenye gati la mashua walimkuta Dewitt Suggs, na hilo halikumshangaza mtu, kwa kuwa Dewitt haondoki pale. Yeye na Cleotha wamekua pamoja, wamebatizwa siku moja kwenye kijito kimoja, na tangu hapo wamekuwa wakishindania samaki. Alipomwona Earnestine akishuka garini na kofia ya majani ya kwendea kanisani, aliketi chini juu ya ndoo yake.

"Ni kiama leo? Earnestine Pegues kwenye mashua?"

"Dewitt, njoo usukume, acha domo."

"Clee, ndugu yangu, mwanamke huyu unamkabidhi ndoano? Hivi nani atakuwa salama ziwa zima?" Alikuwa anasema huku ameshamshika Cleotha kiunoni, anamshusha mashuani pole pole kuliko anavyobeba mayai. Upande mmoja wa mdomo wa Cleotha ukatabasamu. "Sikiliza, Earnestine. Miaka yote hii namwuliza mumeo wapi anakozamisha miti yake, na miaka yote ananijibu neno moja tu, 'Majini.' Leo mkirudi nitapata jibu la kweli. Wewe Mbaptisti, hujui uongo, na siri haikai kwako hata nusu saa."

"Sukuma, Dewitt!"

Habari ya miti ni hivi. Januari, watu wakishatupa miti yao ya Krismasi kando ya barabara, Cleotha hupita na pikapu lake akiiokota. Anafunga tofali la zege kwenye shina, anaizamisha mahali anapopajua yeye. Visamaki vidogo huja kujificha kwenye matawi, na krapi hufuata visamaki. Kila mvuvi wa maana ana miti yake chini ya maji, na mahali pake pako kichwani mwake tu. Kumfuata mtu kwa mashua ni wizi, hakuna jina jingine. Kumwuliza akirudi gatini ni adabu njema, ni kama kumjulia hali. Lakini anayetaja mahali penyewe hajazaliwa, au kama amezaliwa basi hana tena samaki.

Earnestine aliwasha mashine, Cleotha akaonyesha kwa kidole. Kushoto. Mbele. Taratibu, kwa kiganja. Walipofika mbali kidogo, akawa anageuza kichwa kutazama ufukwe wa ziwa: bomba la moshi la nyumba iliyoungua zamani lisimame sawa na msonobari mrefu kuliko yote, na upande wa pili, paa la bati la kinu cha pamba lifike usawa wa mdomo wa kijito. Mistari hiyo miwili ilipokutana, akakunja ngumi. Hapa.

Earnestine akatupa nanga. Puu! Maji yakawarukia wote wawili.

Cleotha alifumba macho, akatulia hivyo kitambo, kama mtu anayemwomba Mungu jambo.

"Ningejuaje?" alisema Earnestine. "Kwani wana masikio?"

Akaelekezwa kwa ishara kutia kisamaki hai kwenye ndoano, ndoano ikipitie mgongoni ili kiendelee kuogelea. Kilimponyoka mara kadhaa ndani ya mashua, akakisaka kwa magoti huku akikiita majina yasiyoandikika. Kisha akavuta kiboya juu kabisa ya mshipi, chambo kishuke mpaka chini, maana samaki si wako chini? Cleotha akatikisa kichwa. Akagusa jicho lake, akaelekeza kidole juu. Hakumwelewa. Akagusa tena jicho, akainua uso kutazama mbingu, akafungua kinywa na kukifumba kama samaki, na Earnestine, pamoja na uchungu wote aliokuwa nao, akaangua kicheko.

"Anatazama juu? Krapi anatazama juu?"

Cleotha akaitikia kwa kichwa. Krapi hufuata kisamaki kilicho juu yake. Kilicho chini yake hakioni hata kikicheza ngoma. Kwa kidole gumba cha kushoto akakishusha kiboya mpaka mahali panapofaa.

Kiboya hakikumaliza hata dakika. Kilizama moja kwa moja bila kuaga. Na Earnestine akafanya alichofanya kiwandani maisha yake yote. Alivuta. Mshipi ukachomoka majini ukapita juu ya kofia yake, na kwenye ndoano kulikuwa na kipande cha ngozi nyembamba, laini, kinachopitisha mwanga. Kinywa cha krapi ni karatasi tu. Ukimvuta kwa nguvu unabaki na mdomo, mwenyewe anakwenda zake kuwasimulia wenzake.

Akatia chambo kingine. Kiboya kikazama, akavuta, akapata ngozi. Kikazama, akavuta, ndoano ikanasa kwenye matawi ya miti iliyozama, mshipi ukakatika. Jasho lilikuwa linamtiririka chini ya kofia. Akafunga ndoano nyingine, akatupa, kikazama, akavuta, na mara hii samaki alionekana kabisa, mpana, uking'aa ubavu wake, kabla ya kuchanika na kurudi majini.

"Mashetani!" alipiga kelele.

Nyuma yake akasikia sauti. "P—"

Aligeuka. Kinywa cha Cleotha kilikuwa wazi, midomo inatetemeka, shingo imekaza. Mara ya kwanza tangu Februari. "P— p—"

"Polepole!" Earnestine aliruka. "Polepole, eh? Najua, Clee, polepole, naona mwenyewe!"

Cleotha akafumba kinywa. Akatazama magoti yake kidogo, kisha akageuza uso upande wa ufukwe, na mabega yake yakashuka.

Earnestine angetoa chochote alicho nacho ili ayameze maneno yale. Alikaa na ufito mapajani, akauona wazi mkono wake ulivyo, na mdomo wake ulivyo, na kwamba binti yule mwenye miwani hakumwonea hata kidogo. Neno lilikuwa limekuja lenyewe, limefika mpaka mlangoni, na yeye amelinyakua likachanika. Machozi yakamtoka. Hakuyafuta. Hakusema samahani pia, kwa sababu samahani ingekuwa maneno mengine tena, na alihofia kufungua kinywa.

Hakukiona kiboya kilivyozama. Alichohisi ni ufito kuinama wenyewe mapajani, akaushika. Hakuvuta. Tusimpe sifa isiyo yake, hakufanya hivyo kwa busara. Alikuwa tu amekwisha nguvu. Akainua ufito vivi hivi, kama mtu anayemnyanyua mtoto aliyelala asiamke, na uzito ukabaki. Ukazunguka chini ya mashua, ukapigapiga, ukabaki. Vidole vikamshika kifundo cha mkono. Ni Cleotha, amesogea bila yeye kujua. Alimwinulia mkono kidogo, akasubiri, akamwinulia tena kidogo. Kisha akamwachia, akachukua wavu, akamteka samaki chini ya tumbo.

Alikuwa mpana kupita kiganja cha Earnestine kilichokunjuliwa. Walimtazama pamoja akihema kwenye barafu.

"Ni wangu huyu," alisema Earnestine kwa sauti ndogo. Cleotha akaitikia kwa kichwa.

Wakabaki pale pale, maana ukimpata mmoja juu ya mti, wenzake wapo. Earnestine alipoteza wengine pia, haraka ya miaka haiishi asubuhi moja, lakini kila kiboya kilipozama alikuwa akiuma ulimi kwanza kabla ya kuinua, na ikawa inasaidia. Walikula mkate mweupe na soseji, wakanywa chai baridi yenye sukari nyingi. Yeye, kwa mara ya kwanza katika ndoa yake, alikaa kimya wakati wa kula. Alikuwa anasubiri. Kila Cleotha aliposafisha koo, Earnestine aliweka mkate chini. Lakini Cleotha alikuwa anasafisha koo tu.

Kasha lilipojaa, akang'oa nanga, akaielekeza mashua gatini. Samaki walikuwa wa kutosha kulisha wanakwaya wote, na alipaswa kufurahi, na alifurahi kiasi. Chini ya furaha alikuwa na huzuni nzito. Samaki wamepatikana, sauti haikupatikana, na kosa ni lake.

Dewitt aliidaka kamba ya mashua kabla haijagusa mbao. Wazee wengine wawili waliokuwa wakicheza dama kivulini walinyanyuka nao. Dewitt akafunua kasha, akavua kofia.

"Bwana Yesu! Earnestine, umewakamata hawa au umewatisha wakaruka wenyewe?"

"Muulize mwenzako, alikuwepo."

Alisema kwa mazoea tu, lakini Dewitt, na hapa lazima nimsifu ingawa huwa simsifu, hakulichukulia kama mzaha. Watu wengi tangu Oktoba walikuwa wakimwuliza Earnestine mambo ya Cleotha huku Cleotha amekaa hapo hapo. Dewitt alipiga magoti ukingoni mwa gati mpaka macho yake yakawa usawa na macho ya rafiki yake.

"Shemasi," alisema. "Wapi?"

Na Earnestine, Mungu amsamehe, akajibu yeye. Ilikuwa desturi ya miezi, mdomo haukungoja ruhusa. "Tulikuwa kule ng'ambo," alisema, "ukishapita ile—"

Vidole vikamshika kifundo cha mkono. Vile vile kama kule ziwani, pale pale. Akanyamaza, akageuka. Cleotha hakuwa anamtazama yeye, alikuwa anamtazama Dewitt, na kinywa chake kilikuwa wazi.

"M—"

Mshipa ulisimama kwenye paji la uso wa Cleotha.

"M— m—"

"Mtoni?" akasema Dewitt. "Mlangoni mwa kijito? Msituni kule kwa kina—"

"Dewitt. Nyamaza."

"Nataka kumsaidia tu, Earnestine."

"Najua unataka. Nyamaza."

Kwa sababu yeye alikuwa ameshalijua neno. Alilijua tangu herufi ya kwanza, nani asiyelijua? Alilisikia kila majira ya kuchipua akiwa jikoni, dirisha likiwa wazi, mume wake akiwajibu majirani uani. Lilikuwa tayari ulimini mwake, zima, tamu, linamwasha. Kulisema kungemchukua muda wa kupepesa jicho, na mzee wa watu angepumzika, jasho lile lingekoma kumtoka. Earnestine aliuma ulimi mpaka akahisi chumvi. Vidole vya Cleotha vilikuwa bado kwenye kifundo chake, vinabana, vinalegea, vinabana. Naye akauacha mkono ule ulegee kabisa, uende na vidole.

"Ma—," alisema Cleotha. Mashua ikagonga mbao za gati, ikarudi, ikagonga tena. "Ma— ji—"

Dewitt aliinama karibu zaidi.

"Ma. Ji. Ni."

Sauti ilikuwa ile ile. Imekwaruzwa, imepungua, lakini ya chini vile vile, inakuja taratibu vile vile, kutoka mahali pale pale ilipokuwa ikitoka Jumapili asubuhi.

Dewitt Suggs alibaki amepiga magoti. Alitaka kucheka, kama desturi inavyotaka, na kicheko kikaanza vizuri kisha kikamgeuka njiani. Akajifuta uso wote kwa kofia.

"Majini," alisema. "Haya, Shemasi. Nimekusikia. Asante sana kwa maelekezo."

Earnestine alikuwa amekaa sakafuni mwa mashua, juu ya maji machafu na visamaki vilivyokufa, kofia ya kanisani imemteleza, analia kwa sauti bila kumwonea haya mtu. Cleotha akampigapiga begani kwa mkono wa kushoto. Kisha akamtazama kwa jicho kali kidogo, na kila mtu gatini alielewa maana yake: mama, ulikuwa karibu kuitaja ile miti yangu.

"Sitarudia," alisema Earnestine kati ya kwikwi. "Naapa, Clee. Hata mchungaji simwambii."

Kwa siku kadhaa neno lilikuwa hilo hilo moja. Binti yao alipopiga simu kumwuliza baba anaendeleaje, aliambiwa "Majini," na kule Memphis kukasikika kelele za furaha. Mchungaji alibisha hodi, akajibiwa "Majini." Bi. Kirkwood alisema ndivyo ilivyo mara nyingi, neno lililopata njia kwanza husimama mlangoni kwa muda, na mengine hujifunza kupita nyuma yake. Earnestine hakusahihisha. Cleotha akisema "Majini" akiwa anatazama kahawa, mkewe alikaa, akangoja aone kama kuna kingine kinachofuata, ndipo akamimina.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile ile ya kwanza alikaanga wale samaki, akaandaa kachumbari ya kabichi na vitumbua vya unga wa mahindi, akaweka sahani mbili mezani. Mafuta yalikuwa bado yanachemka juu ya ngozi za samaki, na harufu imejaa nyumba nzima. Cleotha aliinamisha kichwa kwa ajili ya sala. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akafungua kinywa.

"B—," alisema.

Huenda ilikuwa Bwana. Huenda ilikuwa baraka, au bado. Earnestine aliweka uma chini. Akakunja mikono mapajani, akafumba macho, na samaki wakapoa.